Pesa imeingia kwenye mpira: Nyanda za Juu Kusini tunabaki na nini?

#1. Mleta uzi, Mbeya mjini

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi atausoma usiku.

Tarehe 29 Novemba 2022, pale Highland Estates, Ubaruku, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Oktoba 2023 wakairudia, 2-1 tena. Hiyo ni timu ya Mbarali, katikati ya majaruba ya mpunga. Kabla msimu huo haujaisha timu ilikuwa inacheza uwanja wa Liti, Singida. Msimu wa 2024/25 ulipoanza hata jina halikubaki, ikawa Singida Black Stars. Watoto wa Ubaruku waliozoea kuwaona Simba na Yanga wakishuka kwenye basi kijijini kwao wamerudi kwenye vibanda umiza, vile vya kulipia kutazama mpira kwenye TV. Na yote yamepita kwa utaratibu uliopo.

Nieleweke mapema: sipingi pesa kwenye michezo. Mchezaji ana tumbo, ana wazazi wanaomtegemea, na miguu yake ikidumu sana itampa kazi miaka kumi au kumi na miwili. Ninachopinga ni njia inayopita hiyo pesa. Inanunua nafasi kwenye ligi, inanunua mchezaji aliyekwisha kuiva, halafu waliomlea na mji uliojaza uwanja hawana hata karatasi ya kudaia.

Angalieni historia yetu wenyewe. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara wakiwa ndio kwanza wamepanda daraja. Mwaka 1999 ubingwa wa Ligi ya Muungano ukaja kwa Prisons. Mbeya City msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, walimaliza wa tatu chini ya Juma Mwambusi, uwanja wa Sokoine wote ukawa zambarau na kaulimbiu ya mashabiki, Koma Kumwanya, ikasikika mpaka Uyole. Lipuli ya Iringa mwaka 2019 waliitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale uwanja wa Samora, 2-0, wakaenda fainali Lindi wakafungwa na Azam bao moja. Msimu uliofuata wakashuka daraja. Njombe Mji walipanda 2017/18 wakashuka msimu huo huo. Mbeya Kwanza vilevile 2021/22. Ken Gold ya Chunya vilevile 2024/25.

Sasa usizipange timu hizi kwa ukubwa wa mfuko, zipange kwa mmiliki. Prisons ni ya Jeshi la Magereza. Mchezaji akiajiriwa anakuwa askari, mshahara wake hautegemei mdhamini, goti likigoma bado ana kazi. Hawajawahi kutikisa dirisha la usajili, lakini tangu walipopanda tena 2012/13 kila msimu wa Ligi Kuu umewakuta. Mbeya City ni ya Halmashauri ya Jiji. Mwaka 2023 ilitolewa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mechi za mchujo, ikashuka, ikakaa chini misimu miwili, ikarudi Ligi Kuu 2025/26. Muda wote huo ilikuwa hapa hapa Mbeya. Ihefu hati yake ilikuwa mikononi mwa mtu binafsi, na mtu ana haki ya kuuza kilicho chake. Kwa hiyo anapokuja mfadhili tukaanza kuuliza "ana shilingi ngapi?", tunauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hati itaandikwa jina la nani.

Kuhusu pesa za ligi yenyewe. Mwaka 2021 TFF, shirikisho la soka nchini, na Azam Media walisaini haki za matangazo kwa miaka 10, Sh bilioni 225.6. Kwa wastani ni bilioni 22.56 kwa mwaka, ligi nzima. Mwaka uliofuata Simba peke yake ilisaini na kampuni ya kubeti ya M-Bet Sh bilioni 26.168 kwa miaka mitano, Yanga wakasaini na wenzao wa SportPesa bilioni 12.3 kwa miaka mitatu. Piga hesabu mwenyewe: kifua cha jezi ya Simba kilikuwa karibu robo ya thamani ya televisheni ya ligi yote kwa mwaka. Timu ya Sokoine iko ligi moja na hao, inasafiri zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kwenda Dar, na mapato yake makubwa ya mlangoni ni siku mbili kwa msimu, anapokuja Simba na anapokuja Yanga. Kijana wetu akicheza vizuri siku hizo mbili, dirisha likifunguliwa tunamsikia Kariakoo, kwa Simba au Yanga. Deus Kaseke alitoka Mbeya City kwenda Yanga mwaka 2015, na Mwambusi naye akaenda kuwa kocha msaidizi huko huko. Siwalaumu hata kidogo, kila mtu angekwenda. Nauliza tu Mbeya ilibaki na nini cha kuwalea wengine watano.

Naomba michango, hasa ya walio kwenye shule, vyuo na timu za mchangani. Tusiufanye uzi wa Simba na Yanga.

#2. Mdau, Mbarali

Mkuu, uchungu wako ndio wangu, nilikuwa uwanjani siku ile mwendo wa mechi 49 ulipokatwa. Lakini tuseme ukweli wote. Kabla ya mwenye timu kuweka pesa yake, Ubaruku ilikuwa na nini? Alijenga uwanja, akalipa kambi, mishahara, basi, akapanda 2020, akashuka, akapanda tena. Sisi tulitoa kiingilio na makofi. Mechi za timu ndogo hata kiingilio hatukutoa, majukwaa yalikuwa wazi. Unapomwambia mtu "timu ni ya wananchi" siku anapoondoka, wakati siku ya kulipa mishahara hukuonekana, unamwonea.

Na nikukumbushe, Singida nao wameonja. DTB ilipanda Ligi Kuu 2022 ikaitwa Singida Big Stars, 2023 ikawa Singida Fountain Gate, 2024 ikawa Fountain Gate na kwenda Babati. Ndipo wakaletewa ya kwetu. Kwa hiyo si suala la Mbarali kuonewa, ndivyo biashara hii inavyokwenda nchi nzima.

#3. Mleta uzi

Mdau, hoja yako nzito na naipokea: aliyelipa alilipa. Lakini umenipa ushahidi wangu mwenyewe. Mkoa mmoja, miaka mitatu, timu zinapishana mlangoni. Shabiki wa Singida alinunua jezi ngapi tofauti?

Uingereza waliruhusu hili mara moja. Wimbledon FC ilipewa kibali mwaka 2002 kuhama London kwenda Milton Keynes, ikahama 2003, mwaka 2004 ikabadili jina. Mashabiki waliobaki wakaanzisha timu yao, AFC Wimbledon, kutoka ligi za chini kabisa, na mwaka 2011 ikaingia ligi za kulipwa. Sisi Mbarali tungeweza? Sijui kama kuna aliyejaribu hata kuitisha kikao. Wajerumani wao tangu 1998 wana kanuni ya 50+1: wanachama wa klabu lazima wabaki na kura nyingi kuliko mwekezaji. Hapa kwetu Serikali ilikwishaelekeza kwamba klabu za wanachama zikibadilisha mfumo, wanachama wabaki na asilimia 51. Ndiyo maana uwekezaji wa Mohammed Dewji pale Simba ulikuwa wa asilimia 49 kwa Sh bilioni 20. Timu iliyoanzishwa na mtu binafsi haiguswi na kinga hiyo.

Pendekezo langu ni jepesi. Leseni ya klabu ifungwe na mkoa. Mwenye timu akitaka kuondoka, aondoke na wachezaji wake, magari yake, jina lake. Anakokwenda aanzie ligi za chini, na nafasi ya ligi anayoiacha, mkoa upewe kwanza fursa ya kuinunua kwa bei iliyokadiriwa. Hapo mwekezaji hajaporwa chochote alicholipia.

#4. Mwanachuo, Iringa

Kamwene wakuu. Nisogeze mjadala upande wa vyuo, kwa sababu mleta uzi anasema anayelea hapati kitu. Marekani ilikuwa kinyume chake: anayelea alikula vyote na mchezaji ndiye aliyekosa.

Mfano wetu wa nyumbani ni Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar, alicheza kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut misimu mitatu. Februari 2009, mwandishi alimuuliza kocha wake, Jim Calhoun, kuhusu mshahara wa dola milioni 1.6 wakati jimbo lina upungufu wa bajeti, na yeye ndiye mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote jimboni. Kocha akajibu kwa hasira kwamba harudishi hata senti, na akataja mamilioni ambayo timu inaliingizia chuo. Sasa hayo mamilioni nani aliyaleta? Msimu ule Hasheem alikuwa katikati ya uwanja akizuia mipira, timu ikafika nusu fainali ya taifa. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, alichoruhusiwa kupata ni ufadhili wa masomo: ada, malazi, chakula. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika wachezaji wote waliojiandikisha kuingia NBA mwaka ule, akawa Mtanzania wa kwanza huko. Goti lake lingevunjika Februari ile, kocha angebaki na mshahara, chuo kingebaki na televisheni, yeye angerudi na begi.

Na hiyo televisheni si ndogo. Mwaka 2010 NCAA ilisaini na CBS na Turner dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, kwa mashindano ya kikapu ya wanaume peke yake. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa "hawa ni wanafunzi, si wafanyakazi". Ukuta ukapasuka tarehe 21 Juni 2021, Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa, kesi ya Alston: NCAA haina kinga ya kuwabana wanafunzi kwenye mafao yanayohusu masomo. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, wanamichezo wa vyuo wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwenye matangazo. Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House: dola bilioni 2.8 kulipwa wanamichezo waliopita kwa miaka 10, na kila chuo kinachokubali kiweze kugawa moja kwa moja kwa wachezaji wake mpaka takriban dola milioni 20.5 kwa msimu wa 2025/26.

Lakini mwenye ndoto ya Marekani asome mstari huu mara mbili. Mwanafunzi wa kigeni anakwenda kwa viza ya masomo, na viza hiyo inabana sana kazi ya malipo. Mwenzake Mmarekani anatangaza viatu analipwa, yeye anaogopa kupoteza viza. Kwa hiyo kijana wa Iringa akienda leo, kwa sehemu kubwa bado yuko pale alipokuwa Hasheem.

Huku kwetu MUST, Mkwawa, TEKU, RUCU, Chuo Kikuu cha Iringa, mechi zetu hazina televisheni wala mapato ya kugombania. Wenye vipaji wanakwenda kucheza ndondo, mashindano ya mtaani, kwa posho, anaumia enka Jumapili, Jumatatu ana mtihani wa vitendo, na hakuna bima wala anayeuliza. Ningependa vyuo vianzie hapo kwenye bima kabla ya kuota wadhamini. Mdhamini akija akawakuta wachezaji hawana mkataba hata wa matibabu, atakaa na uongozi, watakunywa soda, na sisi tutapewa fulana.

#5. Mwalimu wa michezo, Njombe

Nimesoma yote, ahsanteni. Mimi niko sekondari, nazungumzia UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na kinachokuja baada yake.

Kwanza mamluki. Tusione aibu kulisema. Shule inataka kombe la wilaya, inaleta kijana aliyemaliza kidato cha nne siku nyingi, anavaa sare wiki ya mashindano. Yule wa kidato cha pili mwenye haki ya namba hiyo anakaa benchi, na jicho la mtu wa klabu aliyekuja kutazama linamwona mamluki. Tatizo linaanzia shuleni kwetu kabla ya tajiri yeyote kufika.

Pili, kuna mwanafunzi wetu mmoja tulimpokea akiwa mdogo kabisa. Viatu alinunuliwa na walimu. Akiwa kidato cha tatu klabu moja ya Ligi Kuu ilimchukua, walizungumza na mjomba wake, wakampa mjomba kitu kidogo. Miaka ikapita tukasikia ameuzwa nje ya nchi. Nilipiga simu kuuliza kama shule inapata chochote, nikaambiwa "mwalimu, wewe ulikuwa unafundisha, hukuwa na timu". Sikuwa na la kujibu kwa sababu sikuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Mkulima wa parachichi wa hapa Njombe anapunjwa na madalali, lakini hata yeye anapimiwa kilo kabla gari halijaondoka.

Naomba kuelekezwa: sheria inasemaje?

#6. Mleta uzi

Mwalimu, pole sana, na swali lako ndilo nililotaka lije.

FIFA wana malipo ya aina mbili kwa waliomlea mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo: mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama wa kulipwa, na kila anapohama kimataifa mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, klabu zilizomfundisha zinastahili kulipwa. Ya pili ni mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa hai, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zote alizopitia kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka kuanzia anapotimiza miaka 12 hadi 15 una robo asilimia ya ada. Kila mwaka wa 16 hadi 23 una nusu asilimia.

Tuchukue ada ya Sh milioni 200, si kubwa kwa siku hizi. Timu iliyokaa naye tangu 12 hadi 15 inapata asilimia moja, milioni 2. Ikikaa naye na ya 16 na 17, inaongezeka milioni 2 nyingine. Milioni 4 kwa timu ya mchangani Makambako au Uyole ni mipira, jezi, nauli na viatu vya kundi zima. Tangu Novemba 2022 FIFA wana chombo maalumu kinachopitisha malipo haya. Mfumo unatengeneza historia ya mchezaji kutokana na usajili uliomo kwenye kumbukumbu za shirikisho, na klabu zilizomo zinalipwa kufuatana na hiyo historia.

Penye tatizo letu ni hapo kwenye neno usajili. Fedha inafuata klabu iliyosajiliwa chini ya TFF, na mchezaji aliyesajiliwa kwa tarehe. Shule kama shule haimo. Kijana wako kwenye mfumo anaonekana amezaliwa kisoka siku ile klabu ya Ligi Kuu ilipomsajili. Miaka yote mliyomlea haipo.

#7. Mzazi, Iringa

Wanangu, mnazungumza vizuri, ila mmeipita pesa moja mkaitaja kama namba tu. Hizo bilioni za kwenye vifua vya jezi, zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mikeka ya kubeti. Nina kijana chuo. Boom, ile hela ya mkopo wa kujikimu, likiingia, siku ya tatu anapiga simu hana hela ya kula. Nilipombana akaniambia alikuwa anatafuta kuizidisha. Hajui mchezo wowote zaidi ya kubashiri, uwanjani haendi, timu ya chuo chake haijui, ila anajua timu za ligi daraja la pili za Ulaya zinazocheza Jumanne usiku.

Mnataka pesa ije kwenye timu zetu, nami nataka. Lakini ikitoka mfukoni mwa mtoto wangu ikaenda kumlipa mshambuliaji wa kigeni, mimi mzazi nimedhamini Ligi Kuu bila kuulizwa.

#8. Mchangiaji, Mafiat

Mama shikamoo. Naheshimu ulichosema, ila tusiisahau faida. Tangu bajeti ya 2021/22 asilimia 5 ya kodi ya michezo ya kubashiri inapelekwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Bila kampuni hizi mshahara wa Ligi Kuu ungekuwa wa kubahatisha. Na kampuni nyingine za nchi hii zimeachiwa nafasi ya kudhamini, hazitokei.

#9. Mleta uzi

Marahaba ya mama sitaijibu mimi, ila hoja yake niibebe. Uingereza klabu za Ligi Kuu zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa nembo za kubeti mbele ya jezi kuanzia msimu wa 2026/27. Hazikukosa mahesabu, ni kwamba lawama za wazazi kama huyu zilifika bungeni. Marekani wamekwenda upande wa pili: mwaka 2018 Mahakama Kuu yao, kwenye kesi iliyohusu NCAA hiyo hiyo, iliondoa zuio la kitaifa, na majimbo mengi yakafungua kubeti. Aprili 2024 mchezaji wa NBA, Jontay Porter, akafungiwa maisha kwa kutoa siri za afya yake kwa wacheza kamari na kujitoa mchezoni kwa faida yao. Huyo ni mtu wa mshahara wa NBA. Mchezaji wetu wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, anayedai mishahara ya miezi kadhaa akipigiwa simu na mwenye mkeka mkubwa, tunategemea nini kimzuie?

Na sisi tunajua ladha ya matokeo ya kupangwa hata kabla mikeka haijatapakaa. Mwaka 2016 TFF iliziadhibu timu nne za Kundi C la Daraja la Kwanza kwa kuzishusha, baada ya mechi za mwisho kwisha 8-0 na 7-0, na Mbao ya Mwanza ikapanda. Kilichokuwa mezani pale ni nafasi ya Ligi Kuu tu. Kadiri nafasi hiyo inavyopata bei sokoni, ndivyo sababu ya kuipanga inavyokua. Ndiyo maana nazidi kusema suala la Ihefu na suala la mama huyu halijaachana mbali.

Mchangiaji wa Mafiat, hiyo asilimia 5 ni jambo jema. Ningependa sehemu yake ionekane kwa jina la wilaya, tujue Rungwe imepata nini na Mufindi imepata nini.

#10. Shabiki, Chunya

Ken Gold tulishuka mwaka mmoja tu baada ya kupanda, tena mkiani. Dhahabu ipo, watu wapo, ila mechi za "nyumbani" tulikuwa tunapanda gari kwenda Sokoine. Kwangu mimi hilo lilituumiza kuliko bajeti. Hakuna mtoto wa Chunya aliyekuwa anaona mazoezi ya timu yake baada ya shule.

#11. Mstaafu wa halmashauri

Mleta uzi unaisifia Mbeya City kuwa ya halmashauri. Mimi nimekaa kwenye vikao hivyo, si Mbeya, mahali pengine ukanda huu huu. Mapato ya ndani ya halmashauri yana wenyewe: asilimia 10 ni mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, kuna zahanati haijaezekwa, kuna madawati. Diwani wa kata ya pembeni akiuliza kwa nini kata yake ilipie mshahara wa kiungo kutoka nje, utamjibu nini? Timu ikifanya vizuri wote wanapiga picha. Ikidaiwa, fungu la michezo halina kitu na mkurugenzi anahama kituo.

Halmashauri iwe mlinzi wa hati, hapo nakubali. Ishike hisa kidogo zenye nguvu ya kuzuia timu isihame wala jina lisibadilishwe, basi. Mishahara itafutwe na kampuni ya timu yenye hisa za wakazi, hata za elfu kumi kumi, na hesabu zake zibandikwe stendi watu wasome.

#12. Mleta uzi

Mzee wangu, hili ni bora kuliko nililoandika mimi. Hisa ya kuzuia, bila mzigo wa mishahara. Naomba lisipotee humu ndani. Kama kuna diwani anasoma, alichukue kama lilivyo. Na viwanja nalo ni sehemu yake. Sokoine na Samora vyote ni vya CCM, kwa hiyo timu zetu hata uwanja wa nyumbani ni wapangaji. Mpangaji hajengi jukwaa.

#13. Mwalimu wa michezo, Njombe

Mkuu, nirudi kwenye la kwangu. Nina vijana ishirini na kitu wanafanya mazoezi hapa, wengi kati ya miaka 12 na 16. Nikianza leo, muhuri wa mkuu wa shule unatosha?

#14. Mleta uzi

Hautoshi peke yake, mwalimu. Fanya hivi. Anzisheni timu ya vijana yenye katiba fupi, hata ikiwa na jina la shule, muisajili na muipeleke chama cha mpira cha wilaya, kisha cha mkoa, ili itambulike chini ya TFF. Kila kijana awe na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Asiye nacho mzazi aende RITA sasa hivi, kwa sababu bila tarehe ya kuzaliwa hesabu ya miaka haipo. Mzazi asaini ridhaa. Muombe chama cha mkoa kiwaingize kwenye mfumo wa usajili wa wachezaji wa TFF, mmoja mmoja, na uombe uthibitisho wa maandishi. Kila msimu uhuishe. Klabu ikija kumchukua kijana, usikatae, kijana aende, ila barua ya uhamisho iandikwe ikiwa na tarehe aliyoingia kwako na tarehe aliyotoka, na wewe ubaki na nakala.

Kwa yule aliyekwishauzwa, tafuta daftari la mahudhurio, orodha za UMISSETA za miaka ile zenye muhuri wa wilaya, na picha zenye tarehe. Madai ya nyuma ni magumu timu isiposajiliwa, sitakudanganya, lakini orodha za UMISSETA huenda bado zipo ofisi ya elimu wilaya. Wa kidato cha kwanza ndio uwaanze, hao bado wana miaka mingi mbele. Mfano wa katiba ya timu nitauweka hapa kesho mchana nikitoka kazini.